Msaada wakuu: PC ya gemu inaganda, diski iko 100% muda wote. Nimepiga Windows mara mbili, hali ni ileile

#1 · Mleta uzi (Dar es Salaam)

Heshima kwenu wakuu.

Nina desktopu ya Dell OptiPlex 7010, ile ya mnara. Prosesa ni i5-3470, RAM GB 8, hadi diski (HDD) ya TB 1 inayozunguka mara 7200 kwa dakika. Mwezi uliopita nikaiongezea kadi ya grafiki ya GTX 1050 Ti, nikaichagua hiyo kwa sababu haihitaji waya wa umeme wa pembeni na pawasaplai ya mashine hii ni wati 275 tu. Siku hiyohiyo nikaipuliza vumbi. Wiki ya kwanza tumecheza na mdogo wangu hadi usiku wa manane bila tatizo lolote.

Baada ya hapo ikaanza. Nikibonyeza kitufe cha kuwasha naweza kwenda kuteka ndoo mbili za maji, nikirudi vidoti bado vinazunguka. Nikifungua gemu ya GTA V, mjini inachukua kama dakika tisa kuingia. Naendesha gari, ghafla lami inapotea, gari linaelea juu ya kitu cha kijivu, majengo ya mbele ni maboksi matupu hayana madirisha, halafu kila kitu kinasimama. Redio ya ndani ya gari inarudia silabi moja. Baada ya nusu dakika hivi inaachia yote kwa mpigo.

Task Manager, ile programu ya Windows ya kuonyesha kazi za kompyuta, inaonyesha diski 100%, lakini pembeni kasi imeandikwa MB 0.4 kwa sekunde. Nikinakili faili la GB 4 linaanza kwa MB 100, linashuka hadi 3, linafika 0, linakaa hapo, linaanza tena.

Nimeipeleka kwa fundi. Kapiga Windows upya, nikalipa 15,000. Siku mbili baadaye ikarudi palepale, akapiga tena bila kunidai. Sasa anasema diski imekufa, nimwachie aniwekee nyingine. Nasita kwa sababu kwenye sehemu ya D ya diski hiyo kuna picha zote za marehemu baba na video ya harusi ya dada yangu ambayo mzee anatoa nasaha. Hazipo popote kwingine.

Swali langu: diski kweli imekufa? Na kama imekufa, nazitoaje hizo picha?

#2 · Mwanza

Mkuu usijichoshe. HDD siku hizi ni ya kuhifadhia sinema. Chukua SSD, diski isiyo na sahani inayozunguka, ya GB 256, piga Windows humo, umemaliza.

#3 · Fundi, Arusha

Mleta uzi pole sana, na pole kwa kuondokewa na mzee.

Kabla ya neno lolote: picha. Leo hii, kabla hujafungua kesi ya kompyuta wala kujaribu ushauri wa mtu yeyote humu, pamoja na wangu, azima diski ya nje na uhamishe hayo mafaili. Anza na folda ya mzee, kisha video. Gemu ziache zilivyo, gemu unashusha tena, inauma bando tu. Hata ikienda kwa mwendo wa kinyonga iache iende, usizime katikati. Usiendeshe chkdsk (ukaguzi wa diski wa Windows), usifanye defragi (kupanga upya mafaili yaliyotawanyika), usikubali Windows ya mara ya tatu. Diski ambayo hujui ina ugonjwa gani haipewi kazi nzito.

Sasa tuongee. Hiyo 100% inawachanganya wengi wakidhani ni wingi wa data. Ni muda. Windows inakwambia kwamba katika sekunde iliyopita hakukuwa na wakati diski haina mtu anayeisubiri. Inaweza kuwa 100% ikisafirisha MB 150 na ikawa 100% ikisafirisha MB 0.4.

Angalia hesabu. Sahani zinazunguka mara 7200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja ni milisekunde 8.3. Kichwa cha kusomea kinahamia kwenye mstari unaotakiwa, wastani wa milisekunde 8 au 9. Kikifika kinasubiri sahani ikilete kile kipande chini yake, wastani wa nusu mzunguko, milisekunde 4 na kidogo. Jumla kama 13. Ndani ya sekunde moja zinaingia safari 75 hivi. Kama kila safari inaleta kipande cha KB 4, umepata KB 300 kwa sekunde. Hiyo ni diski nzima kabisa, haina kasoro, inahangaishwa tu na vitu vidogo vilivyotawanyika. Windows ikiwa inawaka inafanya hivyohivyo, inaomba maelfu ya vipande vidogo kila upande.

Kwa hiyo MB 0.4 peke yake hainishtui. Kinachonishtua ni kuganda kwa nusu dakika halafu kuachia. Diski nzima iliyochoka kwa kazi inakwenda taratibu, ila inakwenda. Kusimama kabisa ni dalili nyingine.

Nataka uniletee vitu vitatu.

Kwanza fungua Resource Monitor, upande wa Disk, uangalie safu ya Response Time, yaani muda wa kujibu kwa milisekunde, wakati imeganda. Diski nzima ikibebeshwa mzigo utaona 20, 50, hata 100 na zaidi. Ukiona maelfu, niambie ni maelfu mangapi.

Pili shusha CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski, ni ya bure na ni ndogo. Usiridhike na lile neno Good lenye rangi ya bluu. Shuka chini kwenye jedwali, tafuta mistari 05, C5, C6 na C7, unakili safu ya mwisho kama ilivyo. Mstari 05 ni sekta (vipande vidogo vya diski) zilizoharibika ambazo diski imeshazitenga na kuweka za akiba mahali pake. C5 ni sekta ambazo imeshindwa kuzisoma na bado haijaziamulia. C6 ni zile zilizoshindikana ilipojikagua yenyewe. C7 nitakueleza ukiileta. Niandikie pia saa ilizofanya kazi, joto, na pale juu palipoandikwa Transfer Mode.

Tatu ingia Event Viewer, daftari la matukio la Windows, kisha Windows Logs, System. Tafuta matukio ya diski yenye namba 7, 129 na 153.

Na swali moja: ulisema uliingiza kadi na kupuliza vumbi siku moja. Ulichomoa waya wowote?

#4 · Dodoma

Fundi umenifungua macho kwenye hiyo 100%. Miaka yote najua diski "imejaa kazi".

Nichangie kidogo kwa uchungu. Mwaka juzi laptopu ya mke wangu ilikuwa nzito. Niliona C5 imeandika 8, nikasema sekta nane tu kati ya mabilioni ni nini. Nikaendesha chkdsk yenye /r kama nilivyosoma mtandaoni, nikalala. Asubuhi nikakuta iko asilimia 14, diski inagonga tik, tik, tik, inatulia, inaanza tena. Nikazima nikawasha, haikuonekana tena hata kwenye BIOS, ile programu ya madabodi inayoamka kabla ya Windows. Picha za mtoto wetu tangu anazaliwa hadi anafikisha miaka miwili zilikuwa humo. Tumebaki na zile chache tulizowahi kuwatumia bibi zake kwenye WhatsApp.

Mleta uzi hamisha picha kwanza. Nakuomba kama ndugu.

#5 · Fundi, Arusha

Pole mkuu wa Dodoma. Na hicho ulichoandika kila mtu akisome mara mbili, maana chkdsk /r inapita kwenye diski yote, kila sekta, na palipo pabovu inalazimisha kusoma tena na tena. Kwa diski nzima ni ukaguzi wa kawaida, kwa mgonjwa ni kumkimbiza mlimani. Mwenye C5 inayopanda anakili kwanza vya thamani, na kama vimegoma kunakilika kawaida, anawasha kompyuta kwa flashi ya Linux anatumia programu ya ddrescue. Hiyo inachukua kwanza sehemu zinazosomeka vizuri zote, ndipo inarudi kuhangaika na pabovu. Sauti ya kugonga ikianza zima palepale. Hapo ni kazi ya wataalamu wa kuokoa data, mtu asikudanganye kuiweka kwenye friza.

#6 · Mombasa

Hamjambo ndugu zangu. Nami nina yangu, naomba niulize humuhumu. Hadi diski yangu ni mpya, TB 2, Seagate BarraCuda, nambari yake ST2000DM008. Kusoma iko sawa, gemu zaingia vizuri. Lakini Steam, ile programu ya kushushia gemu, ikianza kuapdeti gemu kubwa, dakika chache za kwanza yaenda shwari, kisha yashuka hadi MB 10, na kompyuta nzima yalemaa. Niliambiwa ni stima yangu ndogo. Yaweza kuwa?

#7 · Fundi, Arusha

Wa Mombasa, umeme hauhusiki hapo. Hiyo nambari ni diski ya SMR, na Seagate wenyewe wameiorodhesha hivyo.

Maana yake ni kwamba mistari ya data imepangwa kwa kulaliana kama mabati ya paa, ili zienee data nyingi kwenye sahani chache. Kusoma hakuna shida. Shida ni kuandika juu ya kitu kilichopo. Ukitaka kubadilisha bati moja la katikati, inabidi uinue na yaliyolalia juu yake. Diski inaficha hilo kwa kuweka eneo la muda, inaandika pale haraka kisha inapanga taratibu ikipata nafasi. Apdeti ya Steam inafungua faili kubwa la gemu na kulibadilisha vipande vipande, eneo la muda linajaa, ndipo unapoona MB 10. Mwaka 2020 jambo hili lilileta kelele kubwa duniani baada ya kujulikana kwamba watengenezaji walikuwa wakiuza diski za SMR bila kuandika, hata Western Digital kwenye baadhi ya diski zake za WD Red. Baada ya hapo ndipo wakatoa orodha.

Diski yako haiumwi. Weka apdeti zifanyike usiku, usizime mara tu zinapoisha, iache kompyuta kama saa moja ijipange. Siku ukinunua nyingine ya gemu angalia nambari kwanza. ST1000DM010, kwa mfano, ni ya mpangilio wa zamani.

#8 · Mleta uzi

Wakuu nimerudi. Samahani kwa kimya, nimekaa nayo tangu jana jioni.

Picha na video zimetoka. Zote. Nimeazima diski ya nje kwa shemeji. GB 38 zimechukua saa saba kasoro, nimelala kwenye kiti. Nimefungua video ya harusi hadi mwisho kuhakikisha, mzee anaongea vizuri kabisa. Fundi wa Arusha na kaka wa Dodoma, Mungu awabariki.

Majibu:

Response Time ikiganda inafika 28,000 na ushee. Ikiachia inarudi 15.

CrystalDiskInfo imeandika Good. 05 ni sufuri tupu. C5 sufuri. C6 sufuri. C7 ni 00000000019C. Saa 21,340. Joto 41. Transfer Mode imeandikwa SATA/150 | SATA/600.

Event Viewer: namba 7 hakuna hata moja, 153 zipo chache. 129 zimejaa, leo tu nimehesabu 60 nikachoka. Chanzo kimeandikwa storahci, na maneno yanasema diski imeanzishwa upya.

Waya: nilichomoa ule wa diski upande wa madabodi ili kadi ipite, nikarudisha.

#9 · Morogoro

Hiyo 19C ni joto? Mbona juu kaandika 41?

#10 · Fundi, Arusha

Hapana mkuu. CrystalDiskInfo kwa kawaida inaandika ile safu kwa heksadesimali, ambako baada ya 9 zinakuja A, B, C hadi F. 19C ni 256 jumlisha 144 jumlisha 12, yaani 412. Ukitaka kuona kwa namba za kawaida ipo sehemu ya kubadilisha kwenye menyu ya Function.

Mleta uzi, tulia. Diski yako ni nzima.

C7 inahesabu mara ambazo data imeharibikia njiani kati ya diski na madabodi. Kila kifurushi kinachosafiri kwenye waya kina namba yake ya uhakiki, kikifika upande wa pili kinapigiwa hesabu upya, zisipolingana kinakataliwa na kutumwa tena. Wewe vimekataliwa mara 412. Angalia sasa: 05, C5 na C6 zote ni sufuri, kwa hiyo sahani na vichwa vinasoma sawasawa. Anayeharibu ni waya, au soketi, au namna waya ulivyokaa.

Na ushahidi wa pili ni ile SATA/150 | SATA/600. Namba ya kulia ni uwezo wa diski, ya kushoto ni mwendo waliokubaliana na madabodi. Wameanza juu, wakashindwa kusikilizana, wakateremka hadi daraja la chini kabisa. Na hata huko chini bado vifurushi vinapotea, Windows inasubiri jibu, jibu haliji, mwisho inaipiga diski teke iamke upya. Hilo ndilo 129. Zile milisekunde 28,000 ndiyo nusu dakika yako ya kuganda. Lami inapotea kwa sababu gemu iliomba picha ya lami na haijaletwa.

Ndiyo maana Windows mbili hazikusaidia. Umebadilishiwa dereva, barabara bado ina shimo.

Fanya hivi. Zima, chomoa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe, gusa chuma cha kesi. Kagua waya pande zote mbili. Uwe umeingia hadi mwisho, usiwe umelala upande, usiwe na mkunjo mkali kama karatasi. Bora zaidi nunua mpya, wenye kile kibati kinachoshika. Andika C7 kwenye karatasi kabla ya kuanza. Ukimaliza cheza saa mbili, nakili mafaili makubwa, kisha soma tena.

Zingatia: C7 haishuki. Itabaki 19C hadi diski inakufa. Tunachotafuta ni isipande.

#11 · Mwanza

Fundi nafuta kauli yangu ya juu. Angeweka SSD kwa waya uleule angerudi hapa analia kwamba na SSD nayo imekufa.

#12 · Dar es Salaam (mwingine)

Nipo kwenye biashara ya vifaa, niongeze moja kwa wanaotafuta hadi diski za mtumba Kariakoo. Hizo saa 21,340 za mleta uzi ni kama miaka miwili na miezi mitano ya kuwaka bila kupumzika, maana mwaka una saa 8,760. Ni umri wa kawaida. Nyingi mtakazouziwa zimetoka kwenye mashine za kamera za ulinzi, zinawaka usiku na mchana. Nimeona za saa 45,000 zinang'aa kama mpya kwa sababu hazijawahi kuguswa. Nenda na laptopu yenye CrystalDiskInfo na adapta ya USB, mwambie muuzaji uisome kabla ya kutoa hela. Muuzaji mkweli hatakasirika. Akikasirika nenda duka la pili.

#13 · Mleta uzi

Nimefungua.

Kadi ya grafiki ni nene, inachukua nafasi ya matundu mawili, na mwisho wake unakuja juu kabisa ya soketi za SATA, zile za waya wa diski. Kichwa cha waya kilikuwa kimesukumwa kikalala, upande mmoja umeinuka kama unene wa kucha. Waya wenyewe ulikuwa umebanwa kati ya kadi na chuma cha kesi, umekunjika, na pale kwenye mkunjo plastiki imekuwa nyeupe. Ni mimi niliyeurudisha hivyo ile siku ya vumbi. Kifuniko nilipokifunga ndipo kikaushindilia zaidi.

Nimenunua waya wenye kichwa kilichopinda pembe, 4,000, ukapita chini ya kadi bila kuguswa na kitu.

Imewaka ndani ya dakika moja na nusu. Nilikuwa nimesimama, nikakaa. Transfer Mode sasa ni SATA/600 | SATA/600. Faili lile la GB 4 limekwenda kwa MB 130 mwanzo hadi mwisho halikutetereka. GTA V mjini dakika mbili na sekunde kumi, lami ipo, madirisha yapo. Response Time kubwa niliyoiona ni 90.

C7 ni 19C.

Swali la mwisho kwako fundi: ikiwaka bado inagonga 100% kwa dakika mbili tatu za mwanzo. Hiyo nayo ni nini?

#14 · Fundi, Arusha

Hongera sana ndugu yangu. Hiyo ya mwanzo ndiyo zile safari 75 nilizokueleza. HDD ikiwaka na Windows ya siku hizi itakuwa hivyo, unaweza kupunguza lakini huwezi kuifuta.

Punguza programu zinazojiwasha, zile za Startup kwenye Task Manager. Steam, Discord na Epic hazina sababu ya kuamka pamoja na Windows kama unazihitaji jioni tu. Windows iliyopigwa karibuni inaorodhesha mafaili yote ili utafutaji uwe wa haraka, na inajikagua virusi, kwa hiyo iache iwake mchana mmoja bila kucheza imalize. Huduma ya SysMain, inayopakia mapema programu unazozitumia sana, jaribu kuizima siku mbili uone. Kwenye HDD nyingine inasaidia, kwingine haina tofauti, na kama hakuna tofauti iwashe tena. Usizime pagefile, faili la kwenye diski linalosaidia RAM, una GB 8 tu na GTA V itakuangushia kila kitu. Acha nafasi tupu walau asilimia 15, na sasa ukiwa umeshanakili picha zako unaweza kufanya defragi, maana apdeti za gemu zinatawanya mafaili vibaya. Defragi ni ya HDD. SSD usiifanyie, Windows ina utaratibu wake wa kuitunza.

Ukipata hela, ushauri wa mkuu wa Mwanza ni mzuri kama hatua ya pili. SSD inafikia kipande kwa sehemu ya kumi ya milisekunde au chini ya hapo, haina kichwa cha kuhamahama. Chukua ya SATA ya inchi 2.5. Usidanganywe na NVMe, aina ya SSD ya kasi zaidi, ukitaka kuweka Windows, BIOS ya OptiPlex 7010 haijui kuwaka kutoka kwenye NVMe bila ujanja. Windows na gemu moja mnayoicheza sana vikae kwenye SSD, nyingine zibaki kwenye TB 1. Steam ina sehemu ya Storage kwenye mipangilio inayohamisha gemu kutoka diski moja kwenda nyingine, huhitaji kushusha upya wala kuchoma bando. Zipo gemu zilizotoka 2023 kama Starfield zinazotaka SSD kama sharti, na Cyberpunk 2077 ilibadilisha masharti yake mwaka huohuo, lakini kwa mashine yako hizo zitakwama kwenye kadi na prosesa kabla ya kufika kwenye diski.

Na picha za mzee zisirudi mahali pamoja tu. Ya shemeji utairudisha.

#15 · Mombasa

Fundi ahsante. Nimeiacha usiku kucha baada ya apdeti, asubuhi yaenda kama maji.

#16 · Morogoro

Nimeangalia yangu. 05 imeandika 30, C5 ni 2. Hiyo 30 ni heksadesimali pia?

#17 · Fundi, Arusha

Ndiyo, ni 48. Mkuu, funga gemu sasa hivi, anza kunakili. Ukimaliza njoo tuongee.

#18 · Mleta uzi

Siku ya nne leo. Tumecheza kila usiku, jana nimeshusha gemu ya GB 60 na kuihamisha mara mbili makusudi. 129 hakuna hata moja tangu nibadilishe waya. C7 bado 19C, nimeiandika kwa kalamu ndani ya kifuniko cha kesi pamoja na tarehe.

Picha za mzee sasa ziko kwenye D, kwenye diski niliyonunua ya nje, na seti ya tatu iko kwa dada. Nilimpelekea jana. Aliifungua ile video palepale sebuleni, tukaitazama wote mara mbili.